Dosiye ya samani imefika, kila ukurasa umeandikwa «sawa na masharti»: niipige viza?

*Niko Lubumbashi, nafanya kazi upande wa mwenye mradi. Tunamalizia jengo la ofisi la ghorofa mbili na sasa tumefika kwenye samani: meza 46 za kazi, viti 60 vya magurudumu, viti vya mapokezi, makabati, rafu za arkivu zinazosogea juu ya reli, na meza 2 za mikutano za mvule. Mkandarasi ameleta dosiye ya kurasa zaidi ya 80 kutoka kwa muuzaji wake wa Afrika Kusini. Meza za mvule zitatengenezwa na seremala wa hapa mjini. Kila ukurasa una muhuri wa «sawa na masharti au bora zaidi». Lakini kaye de sharje (kitabu cha masharti ya mradi) inasema sponji ya kiti iwe ya kilo 35, nao wameandika «sponji ya densite ya juu». Inasema kitambaa cha Martindale 50,000, nao wameandika «kitambaa cha kazi nzito». Bosi anataka nipige viza, yaani muhuri wa kukubali, wiki hii kwa sababu malori yanachelewa mpakani Kasumbalesa. Mimi nimesomea umeme, si samani. Nikisaini na viti vikaharibika mapema, lawama itakuwa yangu? Na nianze kuangalia wapi?*

Ndugu yangu, una hofu mbili. Moja ni ya lawama: saini yako ina uzito gani. Nyingine ni ya ujuzi: mtu wa umeme atajuaje sponji nzuri na mbaya. Hiyo ya pili ni nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu hukuombwa kuchagua sponji. Aliyeandika masharti alikwisha kuchagua. Wewe unaombwa kulinganisha karatasi mbili: iliyoagiza na inayojibu. Penye namba, jibu lazima liwe namba. «Densite ya juu» si namba, kwa hiyo hilo sharti halijajibiwa bado, hata kama muhuri umepigwa mara mia.

Nianze na saini. Katika mikataba mingi ya ujenzi, viza ya upande wa mwenye mradi haimwondolei mkandarasi wajibu wake. Mikataba inayofuata Kitabu Chekundu cha FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) cha 1999 inalisema hilo wazi katika kifungu 3.1: idhini au ukaguzi wa mhandisi haumfuti mkandarasi makosa, mapungufu wala tofauti na mkataba. Kwa hiyo kama ameandika «sawa» na akaleta sponji ya kilo 22, kosa ni lake, viza yako ipo au haipo.

Lakini usilale kwa raha hapo. Hatari iko pengine: dosiye inaonyesha wazi kilo 25, wewe ukapiga viza bila neno. Viti vikibonyea baada ya mwaka, mkandarasi atakuja na ukurasa wenye saini yako na kusema mwenye mradi aliliona badiliko na akalikubali. Pengine hatashinda, lakini mtabishana miezi, na viti vitakuwa tayari vimelipwa. Ndiyo maana kabla ya kusoma ukurasa wowote, mwandikie mkandarasi barua fupi: atoe orodha ya kila kitu kinachotofautiana na kaye de sharje, kimoja kimoja, pamoja na sababu na tofauti ya bei. Kama hakuna tofauti, aandike hivyo na asaini. Barua hiyo ina nguvu kuliko mihuri yote iliyomo kwenye dosiye. Na kwenye viza yako liwepo siku zote neno kwamba viza haibadilishi masharti ya mkataba, na kwamba badiliko lolote linahitaji idhini ya pekee kwa maandishi.

Leo hii pia fungua mkataba uone una siku ngapi za kujibu. Mingine inahesabu kimya kuwa ni kukubali. Ukikuta kifungu cha namna hiyo, jibu la «bado tunachunguza, tunasubiri karatasi hizi na hizi» lililotumwa ndani ya muda ni bora kuliko uchambuzi mzuri uliochelewa siku moja.

Kuhusu haraka ya bosi, ana haki. Lori linalotoka Durban linapita Zimbabwe au Botswana, kisha Zambia, kabla ya kufika Kasumbalesa, na kila juma mnalopoteza kwenye karatasi linaongezwa mwishoni. Lakini mwambie hivi: kiti kinachokataliwa kwenye karatasi kinagharimu juma moja, kiti kinachokataliwa kikiwa kimeshushwa Lubumbashi kinagharimu safari nzima ya pili, au mnabaki nacho. Na dosiye si lazima ijibiwe yote kwa pamoja. Ipasue. Meza za kazi zikiwa sawa, zipewe viza bila maoni ziingie kiwandani. Viti vinavyokosa ripoti vipewe viza yenye maoni, au virudishwe. Rafu za arkivu zishikwe kando, nitaeleza kwa nini. Mkandarasi akikuambia haiwezekani kugawanya, mwulize ni kifungu gani kinachokataza.

Sasa kazi yenyewe. Funga dosiye. Fungua kaye de sharje upande wa samani (kama mradi umeandikwa kwa mpangilio wa Kimarekani, samani ziko Divisheni ya 12, na taratibu za kuwasilisha ziko sehemu ya 01 33 00). Chora jedwali la safu nne: sharti na ukurasa wake; alichojibu muuzaji na ukurasa wake; ushahidi alioambatanisha; uamuzi wako. Kosa la wengi ni kuweka mstari mmoja kwa kila kifaa: «kiti, sawa». Weka mstari mmoja kwa kila sharti. Kiti kimoja cha magurudumu kinaweza kutoa mistari 15: kimo cha chini na cha juu, upana wa kikalio, densite ya sponji, ugumu wake, kitambaa, rangi, moto, mguu wa nyota ni wa nailoni au alumini, pampu ya gesi, magurudumu ni ya sakafu ngumu au ya zulia, mikono inapanda au haipandi, uzito wa mtumiaji, ripoti ya jaribio, garanti, vipuri. Ukimaliza safu ya kwanza ndipo unafungua dosiye. Ukianza na dosiye, picha nzuri zitakuongoza wewe badala ya masharti.

Mahali pasipo jibu usiandike «sawa» wala «si sawa». Andika «haijajibiwa». Katika dosiye ya kwanza hilo ndilo neno litakalojaa kuliko yote, na si lazima liwe ishara ya ulaghai. Muuzaji ametuma kataloga ileile anayowatumia wote.

Kwenye sponji nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganyika kirahisi. Kilo 35 maana yake mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ina uzito wa kilo 35. Ni kipimo cha kiasi cha malighafi kilichomo. Ugumu ni kitu kingine kabisa: ni nguvu inayohitajika kuibonyeza, hupimwa kwa nyutoni kwa kiwango cha ISO 2439. Sponji nyepesi inaweza kufanywa ngumu kwa kemia yake, na mkononi dukani ukaiona imara. Lakini kuta za vitundu vyake ni nyembamba, na kila anapokaa mtu zinakunjwa na kuvunjika kidogo kidogo. Baada ya miezi kadhaa kikalio kinabaki na shimo na mfanyakazi anakalia tripleksi iliyo chini. Kwa hiyo dai namba zote mbili, densite na ugumu. Dai pia aandike kwamba densite ni bila vijazo, kwa sababu kuna wanaochanganya unga wa chokaa ili mizani iseme vizuri.

Sampuli ikifika, unaweza kupima mwenyewe. Kata mchemraba wa sentimita 10 kila upande. Huo ni lita moja kamili. Uweke kwenye mizani inayosoma gramu moja moja: gramu 35 ni kilo 35 kwa mita ya ujazo, gramu 24 ni kilo 24. Kama sponji imemiminwa kwenye kalibu, kama ilivyo kwa viti vingi vya ofisi, ondoa kwanza ngozi ya nje kwa kisu kikali na ukate kutoka ndani, maana ngozi ni nzito kuliko moyo wake. Kipimo hiki si cha maabara na hakitoshi kumshitaki mtu, lakini kinatosha kukujulisha kama barua ya kudai ripoti iandikwe leo.

Kitambaa nacho. Jaribio la Martindale, ISO 12947, husugua kipande cha kitambaa kwa kitambaa cha sufu chini ya uzito maalum mpaka nyuzi zikatike. 50,000 ni idadi ya mizunguko kiliyostahimili. Ukiona dosiye inasema «100,000» lakini kwa jina Wyzenbeek, usifikiri umepata mara mbili. Hilo ni jaribio la Kimarekani linalosugua kwa kwenda na kurudi, na hakuna hesabu ya kuaminika ya kugeuza moja kuwa nyingine. Kitambaa kimoja kinaweza kufanya vizuri huku na vibaya kule. Omba ripoti ya jaribio lililotajwa kwenye masharti, basi.

Halafu angalia jambo ambalo wengi wanalisahau: jua. Kama mapokezi yenu yana vioo vikubwa, kitambaa chekundu au cha buluu kitapauka upande mmoja kabla hakijachakaa. Sharti lake ni uimara wa rangi kwa mwanga, ISO 105-B02, ngazi ya 1 hadi 8. Kaye de sharje za ofisi mara nyingi huomba 5 au zaidi. Kama yako haikuomba chochote, huwezi kumkatalia muuzaji kwa sharti lisilokuwepo, lakini unaweza kumwambia msanifu sasa, kabla rangi haijachaguliwa.

Kwenye moto uwe mkali. Ripoti za viwango vya Ulaya EN 1021-1 (sigara inayowaka polepole) na EN 1021-2 (mwali mdogo kama wa kiberiti) zinapima kitambaa na sponji vikiwa pamoja. Cheti cha kitambaa kile kile juu ya sponji nyingine hakisemi lolote juu ya kiti chako. Na kama masharti yenu yameandikwa kwa mazoea ya Kifaransa na yanadai M1, ripoti ya EN 1021 si jibu lake: M1 ni daraja la nyenzo katika mfumo mwingine wa majaribio. Hapo usiamue mwenyewe wala usimwachie muuzaji aamue. Mrudishie msanifu au ofisi ya udhibiti ya mradi waseme kwa maandishi kipi kinakubalika.

Sasa juu ya vyeti kwa jumla, maana dosiye za namna hii hujaa vyeti vizuri visivyosema kitu. Cheti cha ISO 9001 kinahusu jinsi kiwanda kinavyoongozwa. Hakisemi kwamba kiti hiki kimejaribiwa. Nembo ya chama fulani kwenye kona ya ukurasa si ripoti. Hata karatasi za OCC (ofisi ya serikali ya Kongo ya kudhibiti bidhaa) za mpakani zinahusu kuingiza bidhaa nchini, hazikuahidi kwamba bidhaa inalingana na kaye de sharje yako. Unachotaka ni ripoti ya maabara kwa kiwango kilichotajwa: EN 1335 kwa viti vya kazi, EN 16139 kwa viti vya wageni, EN 527 kwa meza za kazi, au ANSI/BIFMA X5.1 kama masharti ni ya Kimarekani. Ukiishika, soma vitu hivi: jina la maabara na kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025, tarehe, namba ya modeli, maelezo ya kilichojaribiwa, na tokeo. Namba ya modeli ndiyo hunasa. Ripoti inaweza kuwa ya kiti chenye mguu wa nyota wa alumini, na dosiye inakupa cha nailoni chenye jina lilelile na herufi moja tofauti mwishoni. Linganisha picha ya ndani ya ripoti na picha ya kataloga, mguu kwa mguu, mkono kwa mkono. Ukurasa wa ripoti usiokuwa na picha, au uliokatwa («ukurasa 1 wa 9» na mwingine haupo), rudisha.

Mbao za viwandani nitazipitia kwa haraka. Kama sharti ni fomika ya milimita 0.8 juu ya ubao na dosiye inasema melamini, hivyo si kitu kimoja: melamini ni karatasi iliyogandishwa moja kwa moja juu ya ubao wa chenga, inachanika na kuchubuka mapema pale mikono na vikombe vinapopita kila siku. Ukanda wa ukingoni wa milimita 2 si sawa na wa 0.4, wa pili hung'oka kwenye kona za meza. Ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) wa kijani hauthibitishi kwamba unastahimili unyevu, kijani ni rangi tu. Dai daraja la MDF.H kwa EN 622-5. Gesi ya formaldehaidi: dai E1 na ripoti yake, hasa kwa vyumba vinavyofungwa kwa ajili ya kiyoyozi.

Rafu za makabati, hata hivyo, zipige hesabu, maana hapa muuzaji hupunguza bila kubadilisha sura. Faili moja la arkivu lililojaa lina upana wa karibu sentimita 8 na uzito wa karibu kilo 3. Rafu ya mita moja inabeba faili 12, yaani kilo 36. Ubao wa milimita 18 kwa urefu huo utapinda kama kamba ya nguo. Ugumu wa rafu unakua kwa mchemraba wa unene (unene mara unene mara unene): kutoka milimita 18 kwenda 25 unapata zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo kama masharti yanasema 25 na dosiye inasema 18, usikubali maneno «tofauti ni ndogo». Njia nyingine ya haki ni kufupisha rafu au kuweka nguzo katikati, na muuzaji anaweza kuipendekeza kama badiliko rasmi.

Chuma cha miguu ya meza: unene wa ukuta wa bomba hauonekani kwa macho, lakini mizani inauona. Bomba la 40 kwa 40 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina uzito wa karibu kilo 1.8 kwa mita, la 1.2 lina kilo 1.46, la 1.0 lina kilo 1.2. Pima mguu wa sampuli, gawanya kwa urefu, utajua bila kukata. Na kwa meza zenye soketi ndani yake, hapo ni uwanja wako: muuzaji wa Afrika Kusini kwa kawaida ataweka soketi za kwao za pini tatu nene za mviringo, ambazo plagi za hapa haziingii. Volti haina shida. Shida ni umbo, na meza 46 zenye soketi zisizotumika ni meza 46 zenye adapta zinazoning'inia. Andika aina ya soketi unayoitaka kwenye maoni, pamoja na njia ya nyaya na upande zinakotokea, ulinganishe na masanduku ya umeme yaliyokwisha kuwekwa sakafuni.

Meza za mvule zinahitaji dosiye pia, hata kama seremala yuko mtaa wa pili. Wengi wanafikiri kazi ya fundi wa karibu haihitaji karatasi kwa sababu unaweza kwenda kuiona. Utaenda kuiona ikiwa imekwisha kuungwa. Lubumbashi ina kiangazi kikavu sana kuelekea Septemba na mvua nzito kuanzia Novemba, na mbao inafuata hewa: inanyonya, inavimba, inakauka, inasinyaa. Inafanya hivyo kwa upana, si kwa urefu. Kwa mvule hesabu takriban asilimia 0.2 ya upana kwa kila pointi moja ya unyevu. Meza ya upana wa sentimita 120, unyevu ukishuka kutoka 16 hadi 11, itapungua karibu milimita 12. Kama uso wa meza umefungwa kwa skrubu ngumu kwenye fremu ya chuma, hizo milimita 12 zitajitafutia njia, na njia ni ufa katikati.

Kwa hiyo kwa seremala dai mchoro unaoonyesha jinsi uso unavyoshikwa: matundu marefu ya skrubu au vishikizo vya mbao vinavyoteleza. Dai pia aeleze mbao zilikaushwaje. Mbao iliyoachwa hewani wakati wa mvua haiwezi kufika asilimia 10 mpaka 12, hata ikae muda gani, kwa sababu hewa yenyewe haina ukavu huo. Inahitaji tanuri, au kiangazi kizima chini ya paa na kisha majuma kadhaa ndani ya chumba kikavu. Nenda na kipimo cha unyevu cha sindano, kiweke kwa aina ya mbao inayokaribia mvule, pima sehemu tatu za kila ubao na usipime ncha, maana ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Bora zaidi, mwombe akate sentimita 40 kutoka mwisho, upime uso mpya.

Seremala anaweza kukupendekezea mukula badala ya mvule, kwa rangi yake nyekundu na kwa sababu anaipata. Usiseme «hata nzuri zaidi» ukakubali. Mukula uko kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) tangu 2019. Ukivuka mpaka, ukitoka Zambia kwa mfano, unahitaji kibali. Na hata ukiwa umekatwa humu Haut-Katanga, mwenye mradi atataka hati za chanzo. Ni badiliko la nyenzo, lipite njia ya badiliko.

Hilo linanileta kwenye «au bora zaidi». Masharti mengi yanaruhusu kitu cha kulingana. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayependekeza, si kwako. Mwambie aweke bidhaa iliyotajwa na bidhaa yake bega kwa bega kwenye jedwali moja, sharti kwa sharti, aonyeshe pia tofauti ya bei. Wakati mwingine badiliko ni zuri kweli: kiti cha muuzaji huyu kina vipuri ghalani na fundi anayefika Lubumbashi, kilichotajwa hakina. Hilo lina thamani, lipime kwa haki. Ila bei ikishuka, mwenye mradi ajue inashukia mfuko wa nani.

Unapoandika maoni, epuka «angalia tena» na «hakikisha». Maneno hayo hayamlazimishi mtu. Andika hivi: «Kiti cha kazi, uk. 34 wa dosiye: densite ya sponji haijatajwa. Masharti, uk. 112, yanadai kilo 35 kwa mita ya ujazo. Leta ripoti ya jaribio yenye namba ya modeli iliyo uk. 34, densite bila vijazo na ugumu kwa ISO 2439. Kiti hakitaagizwa kabla ya hapo.» Mtu akisoma hayo hana la kuuliza. Na dai sampuli kamili ya kiti kimoja na kipande cha kitambaa chenye namba ya rangi, viwekewe lebo, visainiwe pande mbili na vifungwe kwako ofisini mpaka siku ya kupokea mzigo. Siku hiyo utalinganisha kiti cha 1, cha 20 na cha 60 na sampuli hiyo, si na kumbukumbu zako.

Kazi hii yote unaweza kuifanya mwenyewe, kwa subira ya siku chache. Mambo mawili usiyafanye peke yako. La kwanza ni makabati marefu yanayofungwa ukutani: kama ukuta ni wa tofali zenye matundu au wa jipsamu, mtu wa ujenzi aje ashike ukuta wenyewe, aseme nanga gani zitumike.

La pili ni zile rafu za arkivu zinazosogea. Chukua hesabu yetu ya kilo 36 kwa mita ya rafu. Ngazi sita, pande mbili, ni zaidi ya kilo 430 juu ya eneo la mita 1 kwa sentimita 80 hivi. Hiyo ni kama kilo 540 kwa mita ya mraba, kabla ya uzito wa chuma chenyewe, na rafu zinabanwa pamoja bila njia katikati. Sakafu za ofisi kwa kawaida hukokotolewa kwa kilo 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Kwa ghala, kiwango cha Ulaya EN 1991-1-1 kinaanzia 750. Kama chumba cha arkivu kiko chini, juu ya udongo ulioshindiliwa, tatizo ni dogo zaidi, ingawa unene wa zege bado unahitaji kuangaliwa. Kama kiko ghorofani, mwite mhandisi wa miundo aliyechora sakafu hiyo. Mpe mpango wa rafu, uzito wa kila rafu ikiwa imejaa na nguvu inayoshuka kwenye kila gurudumu. Muuzaji lazima azitoe namba hizo, na kama hazimo kwenye dosiye, zidai leo. Mpaka mhandisi akuandikie jibu, rafu hizo zisipate viza ya aina yoyote, hata ile yenye maoni.